Kabureta ya Marehemu

Siku ya kwanza baada ya kutoka eda, Mwanakombo alimwita fundi aing'oe kabureta kubwa ya mashindano aliyoifunga marehemu mumewe kwenye gari lao. Ndogo ya kubadilishia alikuwa nayo tayari, ameifunika kwa kanga.

Silima, mdogo wa marehemu, alikuja mbio. "Shemeji, unaliua gari la kaka! Kwa kabureta hii alikuwa hashikiki!"

"Kaka yako alikuwa akishindana. Mimi napita sokoni, nyuma ya mikokoteni ya punda. Hii inabugia mafuta, na kila nikipunguza mwendo gari linazimika katikati ya watu."

"Na hao watu watasemaje?"

"Waseme. Siku watakayonisukumia gari nitawasikiliza."

Fundi alikuwa ameshaing'oa ile kubwa; Mwanakombo akamkabidhi Silima mikononi. Petroli ikamchuruzikia kwenye kanzu.

Fundi alipomaliza kufunga ndogo, Mwanakombo aliwasha gari akatoka nalo. Kwenye kona ya soko akakuta mkokoteni umejaa kuni, akaufuata taratibu.

Punda akasimama. Barazani watu wakasubiri gari lizimike.

Wakasubiri sana.