Rafu ya Kitabu cha Nasra

Bi Mwanahawa aliitandika rafu kitambaa alichokifuma mwenyewe. Binti yake Nasra amepata udaktari, ule wa vyuoni si wa sindano, na leo analeta kitabu alichokiandika. Majirani walijaa sebuleni, pilau inanukia mpaka mtaa wa pili.

Nasra akatoa spika ndogo.

"Kitabu kiko wapi, mwanangu?" akauliza Bi Kidawa, shoga wa mama yake tangu utoto.

"Siku hizi chuo kinapokea hata sauti, mama mdogo. Tasnifu yangu ni mazungumzo ya wanawake jikoni. Mama ndiye aliyenipa mengi, na sikukata hata neno."

"Hee! Shoga, kumbe profesa ni wewe!"

Vigelegele vikapasuka. Nasra hajasema ngoja, Bi Kidawa akabonyeza mwenyewe. Zikasikika sufuria, kisha sauti ya Bi Mwanahawa: "Kidawa? Mwacheni yule! Mtazameni masikio kitindamimba wake, halafu mkamtazame muuza mkaa."

Bi Kidawa alibaki na kidole hewani.

Bi Mwanahawa akakivuta kitambaa rafuni, akaifunika spika. Chini ya maua ya uzi, sauti yake ikaendelea kucheka.