Uzi Uliolegea

Nilipotea katikati ya wimbo, mbele ya ua wa hekalu uliojaa watu, na mjukuu wangu amekaa safu ya mbele kabisa.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga fidla ya nyuzi mbili hadharani na kikundi chetu cha wastaafu wa mji wa Tainan. Vidole viliganda. Kila nilipojaribu kuwafikia wenzangu, nilitoa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia. Mama mmoja akainua shingo kutafuta ni nani.

Kando yangu alikaa Yue-xia, mpigaji wetu hodari kuliko wote, aliyekuwa akinifundisha bustanini kila asubuhi tangu nijiunge. Hakunitazama. Vidole vyake vyenye sugu vilipanda hadi kwenye kigingi cha fidla yake, vikakizungusha taratibu. Uzi ukalegea, ukakoroma vibaya kuliko wangu.

"Samahani jamani, uzi umenilegea!" akapaza sauti. "Tuanze upya."

Watu wakaangua kicheko. Kiongozi wetu akatikisa kichwa.

"Dada mkubwa, hata wewe? Uzee huo!"

"Nimezeeka zamani, macho yako tu ndiyo mabovu."

Wakacheka tena, na hakuna aliyenikumbuka mimi. Yue-xia alikaza uzi bila haraka, akausikiliza, akaukaza tena, mpaka pumzi zangu zikatulia.

Nikafungua mdomo niwaambie ukweli.

"Funga mdomo, mdogo wangu," akaninong'oneza. "Tunaanza na uzi wa ndani, ule mnene."

Nikainua upinde.