Mwanamke Kwenye Deraya

Msimamizi wa mtawala aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa picha ya bwana wake. Mkataba ulitaka mkono wa baba peke yake, na mkono wa baba ulikuwa umepooza tangu Pasaka. Akijua kwamba mimi, binti, ndiye niliyechora, tutafukuzwa mjini.

"Mzee Baldassare, mbona kwenye deraya ya chuma kifuani mwa bwana wetu kuna mwanamke kajifunga kitambaa kichwani?"

Baba akanitazama. Nilikuwa nimechora kila kilichoonekana kwenye kile chuma kinachong'aa kama kioo, na mimi mwenyewe nimo.

"Ni Bikira Maria, bwana," nikasema. "Anaulinda moyo wa mtawala."

"Na mkononi? Bikira naye kaanza kushika brashi?"

"Tawi la mzeituni, bwana. Ishara ya amani."

Msimamizi akashusha macho polepole, mpaka kwenye vidole vyangu vilivyojaa rangi.