Wameshakufutia?

Kazini nasimama na familia za watoto waliodhulumiwa, nikiwatafsiria Kimakonde na Kiswahili mbele ya hakimu. Ili siri zisitoke, kila jioni mashine hunifutia kichwani yote niliyosikia. Narudi nyumbani mwepesi, napika.

Leo nikiwa jikoni, wifi yangu Fidea akapiga simu.

"Wifi, wameshakufutia?"

"Wameshanifutia. Kwani vipi?"

"Asubuhi ulinishika mkono, ukaniambia hutaniacha."

"Ulikuja kwetu mahakamani? Mtoto wako ana nini?"

"Binti yako yuko wapi?"

"Yuko na mumeo, kampeleka kununua barafu. Kaka anampenda mno yule mtoto."

"Duka lipi?" Fidea akauliza haraka. Bila kujua sababu, nikazima jiko, nikaanza kutafuta viatu.