Chumvi Karibu na Mkono Wangu

Siku hizi mwenye kinyama jichoni haambiwi majibu ya damu yake. Kila mwezi anatolewa damu, na majibu yanatumwa kwa anayempikia, ili ajue cha kumpa na cha kumnyima. Ndiyo sheria.

Kinyama changu nilikipata kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, miaka ishirini ya jua na mng'aro mweupe. Na tangu mke wangu, Mbodze, aanze kupokea majibu yangu, chumvi yenyewe sijaionja. Mchicha wa kuchemsha, samaki wa kuchemsha, kama chakula cha mgonjwa! Nikinung'unika, ananikata kauli: "Kula, Baba Sidi. Nataka tuzeeke pamoja."

Asubuhi ya leo simu yake ililia. Aliisoma, akaifunika kifudifudi mezani, akachukua kikapu akaenda sokoni.

Mchana akaniandalia wali wa nazi na papa mkavu, nikipendacho kuliko vyote. Kibakuli cha chumvi akakiweka karibu na mkono wangu.

"Majibu yamekuja?" nikamwuliza.

"Kula, Baba Sidi."

Nikasubiri amalizie. Hakumalizia.