Madirisha ya Mzee Shimba

"Limepotea tena!" Mzee Shimba aliita.

Odeta aliacha chai yake mezani, akaingia ofisini kwa meneja. Kwenye kompyuta, dirisha la bei za pamba lilikuwa wazi kabisa, upande wa kushoto wa kioo.

"Si hili hapa, mzee?"

Shimba aligeuza kichwa. "Ala! Lilikuwa limejificha."

Odeta ndiye karani pekee aliyesomea kompyuta. Alishamweleza mara nyingi: dirisha jipya likifunguka juu ya jingine, la chini halifi, limefunikwa tu, bonyeza ukingo wake, litakuja juu. Shimba aliitikia kama mwanafunzi mzuri. Kesho yake aliita tena.

Pale kwenye kiwanda cha pamba, Usagara, wengine walimcheka. Wengine walimchukia. Tangu serikali iuze kiwanda kwa mtu binafsi na wenzao kupunguzwa kazini, walisema, meneja ameanza kuringa. Asubuhi moja Yakobo, mlinzi, alimnyooshea mkono getini, akiwa kushoto kwake. Shimba alipita moja kwa moja, mkono ukabaki hewani.

"Kiwanda chenyewe si chake," Yakobo alisema. "Majivuno ya nini?"

Odeta alichoka kuitwa. Jumamosi, meneja alipokwenda kwake Misungwi, alikaa na ile mashine akaipanga upya: kila dirisha lifunguke kulia, upande aliozoea kutazama mzee, moja juu ya jingine, kila moja likibakiza ukingo wa kubonyeza. Hakufanya kwa huruma. Alitaka kunywa chai yake ikiwa moto.

Jumatatu Shimba alicheka kama mtu aliyetua mzigo.

"Sasa naona kila kitu! Nilishaanza kujihofia, Odeta. Kumbe ni mashine."

Hakuita tena. Msimu wa pamba ulikwisha kwa amani. Mvua zilipoanza, alianguka mlangoni mwa ofisi, wakamkimbiza hospitali mjini Mwanza.

Daktari aliwakuta kwenye korido: Bernadeta, mke wa Shimba, na Odeta aliyekuja na chupa ya uji.

"Ni uvimbe kwenye ubongo, mama. Umekua mno, hatuwezi kuugusa tena. Kwa miezi mingi amekuwa haoni upande wa kushoto. Hakuwahi kulalamika kwamba vitu vinampotea? Tungemwahi."

Bernadeta alifikiri.

"Alilalamikia kompyuta tu," alisema, akamshika Odeta mkono. "Lakini huyu binti, Mungu ambariki, alimtengenezea."