Msumari Kwenye Nguzo

Niliusukuma msumari kwenye nguzo mpya ya zege kwa kidole gumba, kujaribu tu, nao ukazama wote kama kwenye kipande cha sabuni.

Nikamgeukia dereva wa gari la zege. "Wiki iliyopita ulituletea nini hapa?"

"Foleni ilikuwa ndefu, dada. Zege likaanza kuganda njiani, nikaongeza maji kidogo."

Nikainua macho. Juu yetu mafundi walikuwa wanamwaga zege la sakafu, mume wangu akiwa mmoja wao. Nilimsikia akicheka upande wa mbali, kwenye nguzo za zamani, zilizo imara.

"Shukeni!" nilipiga kelele. "Shukeni wote!"

Kicheko kikakatika. "Kuna nini, mama watoto?"

Kisha nikasikia mabuti yao yote yakija mbio kunichungulia, juu ya nguzo ile ile.